Kanga Isiyo na Kosa

Jumanne, tarehe kumi na nne. Asubuhi manyunyu, kisha joto la kunata. Baraza ililowa, nikachelewa kutoa mashine.

Bi Tatu, fundi wangu,

Leo ni siku ya thelathini na saba tangu wakuzike. Baraza ya duka la kanga bado ni yetu. Wateja wakija kukungiwa pindo wanauliza, "Yule bibi mkali yuko wapi?" Nawaambia umepumzika. Kwenye kiti chako sijamkalisha mtu.

Yule bwana wa koti jeupe amenipigia simu leo saa nne asubuhi. Unamkumbuka. Alikodi chumba karibu na Mnazi Mmoja, akapita barazani kutafuta watu wa kushiriki utafiti wake, tukaenda wawili, wewe ukatangulia kuingia. Dakika tano hazikutimia ukatoka unacheka. "Kajamaa kananipa kanga mpya, kananiambia nikate vipande! Nikakauliza, ina kosa gani? Ati haina. Basi sikati." Ukaninywea soda yangu, ukaenda zako kuswali adhuhuri.

Mimi nilikaa mle saa nzima. Kanga tano mezani, mkasi mmoja. Kila nikisita anasema, wala hainui sauti, "Endelea, mama. Utafiti unahitaji uendelee." Kalamu mbili mfukoni, ndevu bado hazijakamilika. Na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, niliyemaliza kidato cha nne, nikaendelea. Unajua nilifanya nini, Bi Tatu? Niliomba chaki. Nichore mstari, nisije nikakata kombo! Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nikiikumbuka ile chaki natamani kujitemea mate.

Zilipoisha tano akasema, "Sasa hiyo uliyojifunga." Nikaifungua kiunoni, nikabaki na gauni. Ilikuwa ile ya kahawia, doti tuliyogawana Idi, wewe kipande, mimi kipande. Nikaikata mara sita, vikatoka vipande saba, vyote sawa.

Baadaye wakanieleza. Eti walikuwa wanapima kwa nini watu humtii mtu anayeonekana mkubwa. Eti nisijisikie vibaya, wengi hukata. Elimu yao hiyo: wanakufanya mjinga, kisha wanakuliwaza kwamba wajinga mko wengi. Wakanipa doti mpya. Nafutia mashine. Na katika daftari langu siku ile niliandika mstari mmoja tu: "Nimeshiriki utafiti. Nimefuata maelekezo yote." Kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Ijumaa yake ulijifunga kipande chako, ukaniuliza, "Chako kiko wapi?" Nikakwambia kimeibwa kambani.

Kamba ya uani naanika mimi na Mama Shani tu, jirani yangu. Sikumtaja. Sikuhitaji. Hukumsalimia tena mpaka umekufa. "Leo kanga, kesho sufuria," ulikuwa unasema akipita na ndoo yake, na ua mzima unacheka. Nisamehe, lakini hapo na wewe nakudharau kidogo. Koti jeupe ulilihoji. Mimi hukunihoji. Uliniamini kwa kuwa ni mimi.

Kwenye msiba wako Mama Shani alikaa nje, kwenye majiko, siku tatu anamenya vitunguu. Hakuna aliyemwambia aingie ndani na wenzake. Nilimwona. Nikapita na sinia la chai.

Sasa sikia ya leo. Bwana koti anataka nilivae mimi hilo koti. Wanatafuta mtu wa hapa hapa Kariakoo, awe ndiye anayewaambia wenzake wakate. "Tumekuchagua, mama, kwa sababu ulifuata maelekezo vizuri sana." Nikamuuliza, "Ile kanga yangu ilikuwa na kosa gani?" Akasema, "Kanga ipi?"

Kanga ipi. Nikamwambia atafute mjinga mwingine, nikazima simu.

Kisha nikafungua droo ya mashine, nikatoa vile vipande saba nilivyorudi navyo siku ile, nikaenda navyo mlangoni kwa Mama Shani. Nikamweleza yote, nimesimama, hakunikaribisha kuketi. Alivipanga kimoja juu ya kingine, akapitisha kidole ukingoni. "Umenyoosha," akasema. "Mkono wa Bi Tatu kabisa." Nilitamani anitukane. Akanirudishia. "Mimi nilijua siku zote kwamba sikuiba. Usiniambie mimi. Kawaambie wao." Akaingia ndani.

Arobaini yako ni Ijumaa. Wanawake wote wa ua watakuwepo, wale wale waliocheka. Kabla pilau haijapakuliwa nitasimama na vipande vyangu mkononi, niseme nani alikata na nani alidanganya. Nimeambiwa, nami nitatii, najua, usinicheke. Ila safari hii nimeuliza kosa kwanza. Kosa lipo, na ni langu.

Pumzika, fundi wangu. Nakuahidi hilo, na jingine dogo: nikishasema, nitatoa kiti chako nje nimwombe Mama Shani akikalie. Akikataa, nitakiacha pale pale mbele yake, na mimi nitakaa chini.

Saa nne kasoro dakika kumi usiku. Nalala.