Sauti Tisa Ulizotuma Ofisini

Mama yangu mpenzi,

Nimezipata. Sauti tisa, zote za Ijumaa, zote zako. Siku ya arobaini yako Shangazi aliniuliza mbele ya watu, "Mama yako alikuwa akikutumia sauti kwenye simu kila Ijumaa. Ulikuwa unamjibu?" Sikukumbuka kuiona hata moja. Tangu siku hiyo najiuliza kama uliondoka ukiamini kwamba mwanao wa Kibaha alikupuuza.

Unaikumbuka siku simu yangu ilipoharibika, nikakupigia kwa simu ya ofisini? Uliihifadhi namba ile kwa jina langu. Mama, ile ni namba ya huduma kwa wateja! Wenye pampu zetu za maji zilizogoma ndio huandika huko. Kila ujumbe ukiingia, mfumo huufungulia tiketi, yaani jalada la malalamiko, na picha au sauti hukaa humo kama kiambatisho. Huko ndiko ulikokuwa ukinitumia salamu, wewe usiye na pampu wala bomba.

Na kurekodi nilikufundisha mwenyewe. Tulikaa barazani kwako Masaki, Masaki yetu ya mihogo, si ile ya vigogo wa Dar, ukakibonyeza kile kidude na kukiachia mapema kila mara mpaka nikacheka. "Usinicheke," ukasema. "Wewe kutembea nilikufundisha mara ngapi?"

Baadaye, kila nilipokupigia, ulisema, "Kama nilivyokueleza Ijumaa." Nami nikaitikia, "Ndiyo, mama," nikidhani umri umeanza kukuchanganya. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilijifanya mjuzi.

Wiki hii meneja alinipa kazi ya kupitia tiketi za zamani kabla hazijafutwa. Siku hizi tuna msaidizi wa akili mnemba. Unamwandikia unachotaka kama unavyomtuma mtu dukani, naye anaingia kwenye tiketi na kukuletea viambatisho. Nikamwomba vyote vya tiketi zilizofungwa bila suluhisho. Katika orodha yake kulikuwa na sauti tisa za namba moja, na pembeni ameandika: "Mteja anasalimia na kuuliza hali. Hakuna tatizo lililotajwa. Nifute?"

Namba yako naijua kwa moyo. "Usifute," nikaandika. "Nipakulie zote."

Saba zilifungwa na wenzangu. Mbili nilizifunga mimi, jina langu liko pale pale. Siku hizo nilikuwa na foleni ya wateja, nikaona sauti ndefu isiyo na maelezo, nikafunga bila kusikiliza wala kutazama namba. Hilo linaniuma kuliko yote, na sina wa kumlaumu.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikakusikiliza. Salamu zako hazijapungua: unaniuliza mimi, majirani zangu wa huku Tumbi, mpaka mama mwenye nyumba, kabla hujafika kwenye neno. Kisha mvua. Kisha nguruwe pori walivyochimba mihogo, na debe la korosho ulilonifichia, "dada zako wasijue." Nililia, mama, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Mlinzi akaniletea maji bila kuuliza kitu.

Katika ya tisa sauti yako imechoka, lakini unacheka. "Mwanangu, nashukuru. Nikituma tu, unajibu hapo hapo, simu sijaiweka hata chini. Jirani ananisomea: 'Asante kwa kuwasiliana nasi. Tumekupokea, na hatutakuacha peke yako.' Nawaambia wenzangu, mwanangu kazi haijamsahaulisha mama. Ila huyo mwenzio mnayenijibu naye ni nani? Kama ni mchumba, mlete nimwone."

Sina mchumba, mama. Jibu hilo mfumo humpelekea kila mteja, awe wa Kurui, hapo jirani na kwako, au wa Mwanza. Lakini maneno yenyewe niliyaandika mimi, mwezi wangu wa kwanza kazini, meneja aliponiambia nitunge kitu cha upole. Niliwaandikia watu nisiowajua, bila kufikiria sura ya mtu yeyote. Wewe peke yako ndiye uliyejua yametoka kwa nani.

Mungu akulaze pema, mama.

Kitinda mimba wako,
Kibaha