Waranti Iko kwa Jina Yako

Baba Wairimu,

Ni mimi. Anayeandika si mimi, wewe unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Anayeandika ni Chebet wa hapo juu, yule mwalimu wa nasari, na ndio maana naongea Kiswahili na si Kikuyu, usifikirie nimekuwa mtu wa mjini. Ningeita mtoto wa ndugu yako aandike, lakini huyo kabla jua lizame Subukia yote ingekuwa imesikia. Chebet hasemi. Hata ile fujo ya baada ya kura, watu wakiangaliana vibaya kwa barabara, wa kwao na wa kwetu, huyu alikuwa anakuja asubuhi tunakama, anaosha ndoo, anaenda. Sasa amekataa kuandika hiyo nimesema. Andika, Chebet. Mzee alikuwa anakupenda.

Niko na shida, mzee. Ni ile kompyuta ya Wairimu. Imezima.

Ngoja nianzie mbali kidogo, si una wakati.

Unakumbuka ile wiki ya mwisho, kifua imekubana, ukaniambia: "Usimnunulie kitu ya kununua mara mbili. Uza mitamba wawili, umtafutie moja ya maana." Ukasema hivyo kama mtu anasema jembe. Alafu ukageukia ukuta. Moja gani ya maana? Hukusema. Hii nyumba yote, Baba Wairimu, ni wewe ulichagua. Sufuria, ulikuwa unagonga na kidole, unainama, unasikiliza, mpaka wenye duka wanachoka. Kitanda, wanaume wanne waliibeba kutoka barabarani na mmoja akaumia mgongo. Mimi nilikuwa nasema sawa. Miaka hiyo yote mimi ni sawa tu. Alafu unaenda, na kitu ya kwanza naachiwa nichague haina mpini, haina kwato, na haitoi maziwa.

Mitamba niliuza. Yule wa doa kwa uso na dada yake. Nilimwambia mnunuzi aje nikiwa kanisani, nisione wakipanda lori. Kisha kura ikaja, na ile mambo ilifuata kura, barabara ikafungwa, pesa ikakaa tu. Wairimu alikimbia kutoka pale alikuwa amepanga Njoro na mkoba mmoja. Godoro, vitabu, ile rula yako ya chuma ulimpa, vyote viliachwa. Alifika hapa siku ya pili na viatu si vyake. Hujui hiyo. Naona ni vizuri hujui.

Mambo ilipotulia, chuo ikafunguliwa, nikamwambia twende tununue. Akasema, "Mum, chukua tu ile ya bei ya chini, hiyo ingine urudishe ng'ombe." Anaona aibu, huyo mtoto. Anaona ni yeye amekula mitamba. Mwishowe alikuwa na mtihani, akanipa karatasi ameandika vile inatakiwa iwe huko ndani, ndio iweze kuchora hizo mabwawa na mifereji anasomea, akasema mwenye duka atajua. Nikaenda peke yangu. Nilienda kwa Jaswant huko Nakuru, kijana wa yule mzee alikuuzia pampu. Pampu bado inavuta maji, nikuambie hiyo. Nilisema mtu ambaye baba yake aliuza pampu kama ile hawezi kuuza takataka. Siku hizi nusu ya duka ni kompyuta, pampu zimesukumwa nyuma kama wazee kwa harusi.

Alisoma karatasi ya Wairimu, akaniwekea tatu juu ya kaunta. Akasema huko ndani zote zinaweza hiyo kazi, sasa ni mimi.

Moja ilikuwa nyeupe, inang'aa kama sinia. Bei yake mtamba mmoja na kitu kidogo. Nikagonga vile wewe hugonga. Ikalia kama mtungi tupu. Nikafungua nikafunga, pale kioo inakunjikia pakatetemeka kama shingo ya kuku.

Ya pili ilikuwa ya chuma ya kijivu, nyembamba, baridi kama mkebe wa maziwa asubuhi. Nyepesi sana. Hiyo ilikuwa mitamba watatu. Niligonga ikanyamaza tu. Ningeongeza yule ndama wa Krismasi ningeifikia.

Ya tatu nyeusi, nzito, mbaya wa sura. Mitamba wawili kamili. Kuigonga ilisikika kama mlango wa mutarakwa, ule mti mgumu. Hinji yake inashika, ukiiacha katikati inabaki pale pale. Nikamuuliza Jaswant, na maziwa ikimwagika? Akasema hii iko na mashimo chini, maji inapita inatoka. Nikamwambia basi mwaga nione. Hakumwaga. Akasema, "Mama, wewe ni kama yule mzee yako kabisa," na wateja wakacheka.

Nilisimama hapo mpaka miguu ikavimba. Wewe ungesema nzito, hiyo nilijua bila kuuliza. Kitu nzito ndio kitu. Lakini wewe hukuona ile Januari ya fujo. Ile ya kijivu mtu anaweza kukimbia nayo. Nilikuwa nainua hii, naweka, nainua ile, na kichwa yangu haiangalii kompyuta, inaangalia Wairimu kwa barabara na mkoba mmoja. Nikakuita hapo dukani, sikutoa sauti, lakini nilikuita. Nilisema, aki mzee, ebu sema tu neno moja.

Ndio nikakumbuka ng'ombe. Wewe hujawahi kununua mtamba bila kwenda kwa boma kuona mama yake. Mama akiwa na matiti mbaya, hata mtamba awe mrembo namna gani, tunarudi nyumbani. Mara ngapi ulinitembeza mpaka juu huko milimani kwa sababu ya mama ya ng'ombe! Kwa hivyo nikamwambia Jaswant, "Nionyeshe mama yake."

Akacheka. Alafu akaona mimi sicheki.

Nikamweleza. Akafikiria, akakuna ndevu, akaenda nyuma akarudi na nyeusi ingine, imezeeka, ya kampuni hiyo hiyo. Akasema hii ni yake mwenyewe, mwaka wa sita sasa, ndio inaweka hesabu ya duka, baba yake aliimwagia chai mara mbili. Herufi zimefutika pale vidole hugonga, kona moja imevunjika kama pembe. Nikafungua, hinji ikashika. Nikasema mama ndio huyu. Na mama ya ile nyeupe? Akaonyesha rafu ya mafundi kwa aibu kidogo, zimelala hapo tatu, moja haina kifuniko. Na ya kijivu? Akasema hiyo haina mama, ni ya mwaka huu, ni kifungua mimba, bado hakuna mtu anajua itakuwaje ikizeeka.

Basi nikachukua nyeusi. Baba Wairimu, nilikuwa na furaha. Mara ya kwanza tangu uende nilichagua kitu, na nilichagua vile wewe ungechagua, hata ukijaribu kurudi kunigombeza hupati pa kuanzia.

Sasa sikiliza shida pale ilianzia.

Jaswant akatoa karatasi ya waranti. Akasema miaka mitatu, ikiharibika yenyewe wanatengeneza bure, kila kitu. Akatoa na ule kitabu kikubwa cha baba yake, akafungua, jina yako iko pale, mwaka wa pampu, na namba yako ya kitambulisho, na sahihi yako ile ina mkia mrefu. Akasema, "Niandike jina ya mzee, si ndio? Mzee ako sawa?"

Na mimi nikasema, "Ako sawa."

Usiniulize mbona. Chebet pia ameinua macho ananiangalia, na yeye asiniulize. Tangu tukuzike kila mahali naenda ni pole. Kwa maziwa, pole. Kwa posho mill nikisaga mahindi, pole. Kanisani wananishika mkono wanainamisha kichwa. Hapo dukani hakuna mtu alijua. Pale kwa Jaswant ulikuwa bado unaishi, uko hapa Subukia unakata nyasi ya nepia ya ng'ombe, umemtuma bibi yako dukani. Nilitaka ukae hivyo kidogo. Akaandika jina yako, nikaweka kidole. Akanipa na kalenda nikuletee, akasema nikusalimie sana. Kalenda iko kwa ukuta, upande wako.

Ilifanya kazi vizuri. Wairimu alikuja nayo likizo, akaniwekea kwa meza, akanionyesha bwawa amechora, unaigeuza unaliona kwa nyuma, unaliona kwa juu kama ndege. Nikamwambia maji itapita wapi mvua ikizidi, akanionyesha pa kupitia. Nilijua ni wewe ulimfundisha hiyo, pale kwa ule mfereji wa shamba. Stima hapa bado. Wanachimba mvuke wa stima huko Olkaria usiku na mchana, na sisi ni taa ya koroboi, kwa hivyo alikuwa anaenda kuchaji posho mill, anakaa hapo akichunga hiyo kitu mpaka anarudi na unga kwa nywele.

Alafu, sasa ni wiki tatu, ikazima. Kwanza inazima na kuwaka. Kisha ikazima kabisa. Hakuiangusha, hakuna maji iliingia. Ng'ombe mzuri pia huzaa ndama mgonjwa, wewe mwenyewe ulisema hiyo mwaka ule wa yule mwenye macho meupe. Lakini ile kazi yake ya mwisho yote iko huko ndani, ndio anatakiwa apeane mwisho wa mwezi huu. Asipopeana anarudia mwaka. Na mwaka mwingine wa karo, mzee, sina ng'ombe wa kuuza, niko tu na yule ng'ombe mzee wa pembe moja na ndama.

Wairimu akaipeleka kwa Jaswant. Jaswant akaiangalia, akasema ni kitu ya ndani kabisa, si ya fundi wa hapa, lakini asiogope, waranti inashika kila kitu. Inaenda Nairobi kwa watu wa kampuni, na hao wanataka mwenye jina aweke sahihi na aonyeshe kitambulisho. Akamwambia, "Mwambie baba yako akuje tu, dakika tano."

Wairimu alichukua karatasi akaja mpaka hapa nyumbani. Nilikuwa namenya viazi. Akaniwekea karatasi kwa magoti akasema, "Mum, kwani hukumwambia?"

Nikaendelea kumenya. Nilimenya hicho kiazi mpaka kikaisha mkononi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliketi hapo kwa mlango akafunika uso na sweta, na mimi sikujua nimshike wapi.

Kitambulisho chako nilipeana mwenyewe. Chifu alisema kibali cha kuzika hakitoki mpaka kirudishwe, nikakitoa kwa koti yako, ile ya kijani, nikampa. Aliiweka kwa droo kama kitu ya kawaida. Sasa Jaswant, Wairimu alipompigia simu akamwambia ukweli, alisema pole, alafu akasema basi aletewe cheti cha kifo, atajaribu kuongea na hao watu wa Nairobi. Atajaribu. Hakusema watakubali.

Na hicho cheti, Baba Wairimu, sina. Kiko tayari tangu mwaka jana. Kila siku ya soko chifu ananiambia, "Mama, karatasi ya mzee inakungoja kule Nakuru kwa ofisi." Mimi nasema wiki ijayo. Mara ng'ombe ni mgonjwa, mara ni fujo, mara mguu. Wairimu hawezi kunichukulia, ni mimi niliandikwa kuwa nitaenda. Nilikuzika, ndio. Nilirusha mchanga. Lakini sijaweka kidole yangu mahali imeandikwa kuwa haupo. Nilikuwa nafikiria, mradi sijaweka, kuna mahali moja kwa serikali bado uko.

Sasa ni hiyo ama mtoto. Na hata nikienda, pengine watu wa Nairobi wakatae. Pengine watengeneze na bwawa liwe limepotea huko ndani. Chebet anasema huwa inapotea. Sijui. Hii si sufuria nigonge nisikie. Nimekaa tu hapa kama mtu amefungiwa nje ya nyumba yake, na mvua inakuja.

Nimeamua Jumatatu. Wairimu atanishika mkono mpaka kwa ofisi. Nitaweka kidole, nitachukua hiyo karatasi, nitapita kwa Jaswant nimwangalie uso nimwambie nilimdanganya, na hiyo waranti wakikubali waandike jina ya Wairimu. Nakuahidi hiyo, na wewe unajua mimi nikisema sawa ni sawa.

Wasalimie huko walio mbele. Pampu nitaendelea kuitia grisi vile ulikuwa unataka. Nenda vizuri, mzee wangu, lakini usiende leo. Leo ni Ijumaa. Kaa na mimi hapa mpaka Jumatatu asubuhi.

Chebet amenipaka wino. Hapa chini ndio kidole yangu. Ni hii hii itaenda Nakuru.

Mama Wairimu