Mpango wa Insha Bila Amoit

Alhamisi, Tororo. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Wenzangu wa chumbani wamekwenda mazoezi ya kwaya, nimebaki na bweni zima.

Leo nimegundua kwamba sijui kuandika peke yangu.

Mhadhiri alitaka tulete mpango wa insha kabla ya insha yenyewe: hoja kuu, hoja ndogo na mifano, yote kwenye ukurasa mmoja. Darasani tukaambiwa kila mtu asome mpango wa jirani yake. Mimi sikuwa na jirani. Kiti cha rafiki yangu Amoit kiko wazi tangu muhula uanze.

Tangu mwaka wa kwanza tulipanga insha zetu pamoja. Mimi humwaga maneno tu. Yeye alikata karatasi vipande vipande, kila kipande hoja moja, akavihamishahamisha kitandani mpaka vifuatane. Nilizoea kusema tunasaidiana. Ukweli ni kwamba nilisaidiwa.

Mhadhiri aliponiona nimekaa tu, akauchukua mpango wangu yeye mwenyewe. Mada yangu ni kwa nini wanafunzi huacha chuo katikati. Vichwa vinne, vimenyooka vizuri, chini yake hakuna mfano hata mmoja. Akaniuliza kwa upole kama namjua yeyote aliyeacha.

Nikasema simjui.

Nimetoka darasani nikiona aibu ambayo siwezi kumweleza mtu. Baba yake Amoit alifariki likizoni. Nilikwenda mazishi, nikarudi kwetu Busia, upande wa Kenya, na tangu siku hiyo sikumpigia simu. Nilijiambia anahitaji kupumzika. Kumbe niliogopa kusikia kwamba harudi.

Leo mchana nimempigia. Alikuwa kwao kijijini Mella, amejikinga mvua baada ya kupalilia shamba la wimbi. Hakuniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Nikamuuliza atarudi lini.

"Sirudi, Nafula. Mama hawezi shamba peke yake."

Kisha akauliza tunaandika nini siku hizi, kwa sauti ileile ya zamani. Nikamsomea mpango wangu, na kila kichwa kilinichoma, hasa cha pili: msiba katika familia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya pili ndiyo ianze," akasema. "Na usiandike 'mwanafunzi fulani'. Andika jina langu."

Nimelia kidogo baada ya kukata simu. Halafu nimeandika aya ya kwanza, ya kwanza kabisa niliyoiandika peke yangu. Ina jina lake.

Kesho nitakwenda ofisini kwa mhadhiri nimwambie nilidanganya. Jumamosi nitakwenda Mella nikapalilie naye, kama mvua itaruhusu. Simu ni rahisi. Sijui akiniona nimesimama uwanjani kwao atafurahi, au nimeshachelewa.