Udongo Tuliutupa Juu

Kigali,
Jumapili jioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Ikutha mko aje? Goti lako linaendeleaje, na mvua imewafikia au bado mnaangalia mawingu yakiwapita? Mimi ni mzima. Baridi ya hapa inanikera lakini nakula vizuri, usianze kufunga na kuomba kwa ajili ya tumbo langu.

Leo nitajisifu, univumilie.

Nilikwambia kampuni yetu ya bustani ilipata kazi ya hoteli iliyo mlimani. Tulipanda nyasi na maua mteremko wote, ukapendeza mpaka wageni wakapiga picha. Mvua ya kwanza ikateremsha kila kitu hadi kwenye maegesho ya magari. Tukapanda tena, ikateremsha tena. Mwenye hoteli akasema ikitokea mara ya tatu anatafuta wengine, na bosi akasema wa kwanza kurudi kwao ni sisi tuliokuja juzi.

Nikamwambia msimamizi wetu Wafula, Mkenya mwenzetu kutoka Bungoma, tuchimbe mitaro kama ya kwetu. Nikafunga chupa ya maji katikati ya kamba, tukaivuta kati ya vijiti viwili, nikapima usawa vile wewe na kina mama wa mwethya hupima mkichimbiana mitaro kwa zamu. Jamaa wakacheka. Niliposema udongo wa mtaro tunautupa upande wa juu, Wafula akaweka jembe chini.

"Sasa Mwende, hii ni kujitesa. Si tutupe tu huku chini?"

"Ukitupa chini, mvua itaubeba. Tupa juu."

Siku sita, Mwaitu! Mikono ilitoka malengelenge, mgongo ukagoma. Kisha tukapanda nyasi kwenye kingo na maua kati ya mitaro.

Jumapili iliyopita mvua ikashuka kwa fujo tukiwa kanisani. Mahubiri sikuyasikia, Mungu anisamehe. Ibada ilipoisha nilikimbia na viatu vyangu vizuri hadi hotelini. Maji yalikuwa yametulia ndani ya kila mtaro, na hakuna hata ua moja lililosogea. Wafula alikuwa ashafika, amelowa chepechepe.

"Aki wewe, umetuokoa," akasema.

Nililia mbele yake na sikuona haya. Sasa nimepewa kusimamia miteremko yote ya kampuni.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Nilipoingia Form One, kwenye fomu ya shule niliandika kazi ya mama: hana. Na siku za mwethya nilisingizia tumbo ili nisionekane na jembe. Ulijua, ukabeba jembe ukaenda. Naomba unisamehe.

Msalimie kaka Musyoka, mwambie mbuzi wangu asimguse. Wasalimie shangazi Kanini na kina mama wote wa mwethya.

Jana nilijaza fomu ya cheo kipya. Waliuliza kazi hii niliisomea chuo gani. Nikaandika jina lako lote, Mwaitu, na kijiji chetu.

Ni mimi, binti wa mchimba mitaro,
Mwende