Usirudi Lituhi Peke Yako

Shinyanga, Jumapili baada ya misa

Mdogo wangu Winfrida,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaniamkia. Mkono unaendeleaje? Vidole bado vinavimba jioni? Na mama, kifua chake kinauvumilia huo ukungu wa Kingerikiti? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenipotea, na sababu yake utaiona humu ndani.

Huku mvua imetunyima. Maji ya bomba yanakuja yanapotaka, na darasani wanafunzi wangu wanasinzia kwa joto. Makala yangu ya gazetini kuhusu michango ya harusi imenipatia matusi ya kutosha, nami nimeyajibu yote kwa raha zangu.

Sasa kitabu. Ulikituma kwa basi na kikaratasi: "Dada, soma mpaka mwisho, utanielewa." Wewe unanijua. Nasoma hata vitabu vinavyoniudhi, hasa hivyo, ili nipate cha kubishana nacho. Hiki nimekiacha katikati. Nilipowaambia wenzangu wa jumuiya, jirani yangu Mama Sabina alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwalimu, wewe hata shetani ungemsikiliza kwanza ndipo umpinge. Leo kitabu cha mapenzi ya Kikristo kimekushinda?"

Nikawapa sababu nyepesi. Kwamba eti ni hadithi ya Umatengo wa enzi za wamisionari wa kwanza, lakini wanawake wake wanalima tambarare kama huku Shinyanga, mlima mzima hauna hata shimo moja la ngolo, kilimo chetu cha mashimo kinachozuia udongo usishuke na mvua. Kwamba yule Paulina, msichana mwenyewe wa hadithi, hafungui mdomo bila kuhubiri, na mchumba wake anamposa kwa Zaburi. Wakacheka, nami nikacheka nao. Sababu yenyewe sikuisema.

Niliacha pale Paulina, aliyekimbilia kwa wazazi wake baada ya kipigo, anapoamka alfajiri, anachukua rozari yake na kushuka mlima peke yake kurudi ziwani kwa mumewe. Mume anamwona mlangoni, analia, wanapiga magoti wote wawili. Sikumwona Paulina kwenye njia ile. Nilikuona wewe, na plasta mkononi.

Huo ni uongo, Winfrida. Kwetu, tangu bibi zetu, mke aliyerudi kwao kwa kipigo harudi mwenyewe. Mume humtuma mshenga, kisha huja na wazee wake, anakalishwa mbele ya wajomba na kusema kwa mdomo wake alichofanya. Mke anasikia, naye anaulizwa. Akikubali, mjomba ndiye anayempeleka. Bibi yetu alirudishwa hivyo, na rozari ilikuwa shingoni mwake. Mila nyingi nimepigana nazo magazetini, lakini hii siigusi. Mke aliyerudishwa mbele ya watu, wapo watakaomdai mumewe habari zake. Aliyerudi mwenyewe haulizwi na mtu.

Na usiniambie habari ya kusamehe. Hata padre hakuondolei dhambi mpaka uitaje. Mbona mumeo asiitaje yake?

Nikapiga simu yako, nimesahau kwamba ulikimbia ukaiacha Lituhi. Akapokea mumeo, sauti ya upole kabisa. Akaniamkia, akauliza habari za shule. Nikamuuliza mshenga atamtuma lini.

"Mshenga wa nini, shemeji? Hayo ya wazee sisi tumeshayaacha. Atarudi mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Kile kitabu nilichompelekea amekisoma. Ameelewa."

Hukuniambia kwamba kitabu kimetoka kwake. Nilikata simu, nikakaa chini jikoni. Maisha yangu yote nimewacheka watu wanaoogopa vitabu.

Kurasa zilizobaki sitazisoma. Pengine huyo mume anabadilika kweli, maana mwandishi anaweza kumbadilisha mtu kwa sentensi moja. Majeraha ya Paulina yanapona ukigeuza ukurasa. Wewe daktari amekukataza kuinua hata sufuria. Sikwambii uvunje ndoa, hilo utaamua mwenyewe. Nakwambia usishuke ule mlima peke yako.

Nimempigia mjomba Otmar, kule Kihagara. Nilitegemea aniambie ana kazi. Akasema muhogo ataanika mkewe, yeye anapanda kwenu. Mngoje. Akija mumeo na wazee wake, wamkute mjomba amekaa.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie simu yake haipatikani na sababu naijua, haichaji. Msalimie katekista jirani yetu, aliyekufunga ule mkono kwa kanga kabla hamjafika hospitali. Shangazi mnyamazishe kidogo akianza kusema mke mwema huvumilia, mwambie dada amesema atamjibu yeye mwenyewe.

Barua hii anaibeba Sista wa parokia yetu, anayekwenda likizo kwao Mbinga. Nimemwomba apite kwa mama kwanza na aitie mkononi mwako wewe mwenyewe. Akikukuta, hana haja ya kunipigia, aendelee na safari yake. Asipokukuta, asiiache barua nyumbani, anipigie palepale.

Kwa hiyo Sista akishapanda basi, simu nitaishika mkononi, hata darasani. Naomba isilie.

Dada yako anayekupenda,
Huberta