Hajati Asitikisike

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Matofali tangu alfajiri. Mgongo umekufa. Siraj, mwenye pikapu, kaja na jambo jipya – Jumamosi hatubebi matofali, tunambeba mama yake. Hajati Khadija alipasuliwa nyonga, anauguzwa hapa Budondo, nje ya Jinja, kwa binti yake Nulu. Anataka kurudi kwake Wanale, Mbale. Wiki jana walimpakia. Hawajafika hata lami, akapiga kelele ateremshwe. Gari hilo, kasema, yeye halipandi tena.
Namwelewa kutaka nyumbani. Mimi kwetu Arua sijafika miaka mitatu.

Jumatano, 6 Agosti
Fundi Opio kaingia chini ya gari, akacheka. Nani aliliwekea gari hili kuukuu springi za lori? Sisi! Tuliongeza vyuma vitatu kila upande kwa ajili ya matofali. Likiwa tupu linaruka kama mbuzi. Leo tumevitoa. Shokapu mpya. Tairi tumezipunguza upepo.
"Afande, kesho wewe ndiye Hajati," kasema Opio. Ananiita afande kwa sababu ya Arua tu – kwake kila mtu wa huko ni askari. Bunduki sijawahi kushika.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimelala chali nyuma ya pikapu, juu ya godoro. Mawingu, nyaya za umeme, matawi, mawingu tena. Shimo likija gari linashuka taratibu, linapanda taratibu – kama kifua cha mtu aliyelala. Nikawa mgongoni kwa mama, njia ya kisima, kanga inanuka moshi. Opio kaniamsha tuko Jinja mjini. Uso umelowa. Nimesema ni vumbi.
Jioni Hajati kaniita. Nisimdanganye, linatikisa? Nikamwambia: mama, nilipata usingizi. Akanitazama sana. Basi, kasema, nitakaa karibu naye, na likimtikisa atanivuta masikio mpaka Mbale.

Jumamosi, 9 Agosti
Mgonjwa harudishwi kwao peke yake – hilo sikulifikiria! Nulu, shangazi wanne, Asadu mdogo wake Siraj na mkewe, mikungu ya ndizi, magunia mawili ya mkaa. Nikamwambia Siraj vyuma tumevitoa, halitaweza. "Nikawaambie shangazi zangu wabaki? Kawaambie wewe!" Nikapakia mkaa.
Tuta la kwanza baada ya Iganga – gaa! Chuma kwa chuma. Hajati kalia kama mtoto. Masikio yangu hakuyagusa. Afadhali angeyavuta.
Sasa tumesimama kando ya barabara. Mkaa na ndizi tumevishusha, bado gari limelemewa. Siraj anaomba watu wapande taksi. Kila mmoja anasema yeye ndiye aliyemuuguza. Kisha wakanigeukia mimi. Mimi si wa ukoo.
Nilishatoa mguu mmoja nje. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ameushika Hajati. "Huyu hashuki," anasema. Mbele mlima wa Wanale unaonekana, mwembamba, bluu. Anawatazama shangazi mmoja mmoja. Wao wanatazama mlima.