Maji Yaliyoletwa na Boza

Baba Zaina,

Amani ikushukie huko ulikolala. Nakuandikia nikiwa Kilole, hapa Korogwe, kwa mdogo wangu. Usishangae. Mwanao ndiye aliyenileta, mimi na mjukuu wako, akasema tupumzike mpaka kura za maoni zipite. Tupumzike na nini? Mimi nimechoka lini?

Tangu uondoke, Kang'ata nzima wananiita Mama Diwani. Nikipita gengeni najiona mrefu, nisikufiche. Unakumbuka kampeni za Zaina, ulikuwa bado unatembea na fimbo. Wenzake waliahidi lami, yeye akasema, "Lami sina. Nitawaambia ukweli tu." Wakamjazia kura. Nani mwingine amezaa hivyo? Hata ndugu zangu wa Kwashemshi wanamtaja, na mimi wa darasa la saba nanyoosha shingo.

Sasa sikia. Walichimba kisima, kikakauka. Siku ya uzinduzi ikafika, mgeni rasmi anakuja kufungua bomba. Wakubwa wetu walikuwa wameleta boza la maji jioni iliyotangulia, wakajaza tenki, ili maji yatoke mgeni akiwepo. Si unajua, ndivyo wanavyofanya, na sisi tunapiga makofi huku tunakinga ndoo. Zaina akashika kipaza sauti: "Mheshimiwa, maji haya yameletwa jana na gari. Ukiondoka, hayatoki tena."

Baba Zaina, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka! Mgeni akatabasamu, akafungua bomba vilevile, akanawa mikono.

Baada ya hapo watu wakaanza kunipa pole. Muuza nyanya: "Pole, Mama Diwani." Pole ya nini, nani kafa? "Basi tu, mama." Waliopiga vigelegele na mimi, pole. Kuna pikipiki inasimama ng'ambo ya nyumba ya Zaina. Haibebi abiria, haiendi popote.

Tulipokusomea dua nilipika pilau masufuria mawili. Wale waliokuwa wakila kwetu mpaka ukoko, hawakuja. Alikuja rafiki yako Mzee Mhando, peke yake, na hakula.

"Shemeji, mwambie mtoto aseme alighafilika. Aseme kabla ya Jumamosi."

Nikamjibu, mwanangu hakughafilika.

Akavaa kofia yake. "Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Nakumbuka Zaina alipopoteza mbuzi kwa kucheza rede, akaja mwenyewe kukwambia. Nilikuwa nimeshachuma fimbo. Ukanizuia: "Anayesema kweli hachapwi katika nyumba hii." Nikacheka, nikaitupa. Ulisema vizuri, mume wangu. Ila nje ya nyumba hii… hilo hatukumwambia. Sisi wote wawili.

Nikimpigia simu namwuliza, je, ungejinyamazia? Anasema, "Mama, ningenyamaza wangenipigia kura ya nini?" Na mimi, pamoja na hofu yote hii, najivuna. Ndivyo nilivyo, wajua.

Jumamosi atasimama mbele ya wajumbe wa chama kuomba udiwani tena. Mjukuu atabaki hapa na mdogo wangu. Kesho asubuhi napanda basi la Handeni kurudi kwetu, Zaina hajui. Nitavaa kitenge changu chekundu, nitakaa kiti cha mbele kabisa, na kila atakayemtazama vibaya nitamtazama mpaka ashushe macho.

Lala salama, baba watoto. Nakuahidi mwanao hatasimama peke yake. Na kama tutaonana mapema kuliko tulivyopanga, usinigombeze. Nisogezee nafasi.

Mkeo,
Mama Diwani